Golikipa Mwikwabe na Nyumba ya Mama Yake

Watu wa Musoma wakikaa kuzungumza mpira wa zamani hawakosi kumtaja Mwikwabe, na hawakosi kumsema vibaya. Watakwambia alidaka penalti Tanga akiwa na kidole kilichovunjika. Kweli. Watakwambia aliwahi kuitwa timu ya Taifa. Kweli pia, ingawa kule alikaa benchi mpaka makalio yakaota sugu. Kisha mmoja atasonya na kusema yule alikuwa mtu wa anasa, alimtupa mama yake mzazi. Hapo mimi Kudura hupandwa na hasira. Nilicheza beki mbele yake, nimemshonea suruali, na kaburi lake nimelichimba kwa mikono yangu hii. Sisemi hakukosea. Alikosea, tena vibaya sana. Lakini alilipizwa kuliko kosa lenyewe, na hao wanaosonya hawajui habari yake hata nusu.

Kwao ni milimani, nyuma ya Butiama. Alikuwa mtoto pekee wa Wankyo, mjane aliyeachiwa zizi zuri la ng'ombe. Ng'ombe wale walikuwa wa nyumba yake, yaani wake na mwanawe, lakini shemeji zake waliwakodolea macho tangu siku ya matanga. Kilichowazuia kuwagusa ni huyo kijana. Ilimradi akue, ajenge, aoe na kuzaa, zizi lingekuwa salama. Mama mtu hakuwa na haja nyingine duniani. Hata mchumba alishamwona: Marieta, binti wa jirani, na vijana wenyewe walikuwa wanapendana.

Mwaka wa Uhuru Mwikwabe alikuwa Bunda, akibeba marobota ya pamba. Siku ya sherehe kukawa na mechi, na golikipa wa timu yao akaamka amelewa hawezi hata kusimama. Wakamsukuma Mwikwabe langoni kwa sababu ya urefu wa mikono yake. Hakufungwa. Watu wakambeba juu juu, wakamzungusha mji mzima. Mimi naona ingekuwa heri kama siku ile angefungwa mabao sita, akatukanwa, akarudi kwenye marobota yake.

Akaja Musoma kuidakia timu yetu, tukapanga chumba kimoja mtaa wa Nyasho. Siku zile hakukuwa na mtu aliyeandikwa kazi ya kucheza mpira, maana mpira ulikuwa wa ridhaa na sisi sote tulikuwa wakulima na wafanyakazi. Timu ya shirika ikikutaka, inakupa kazi: kuli, karani, mlinzi, chochote. Mwikwabe alikuwa fundi bomba Tabora bila kujua koki inafungwa upande gani. Mwanza alikuwa mtunza stoo na stoo yenyewe hakuwahi kuiona. Ukidaka vizuri unapandishwa cheo, ukifungwa mabao mawili ya kizembe utaambiwa nafasi yako imepunguzwa. Basi akawa mtu wa kuhama. Mwanza, Tabora, Morogoro, Tanga, mwisho Dar es Salaam. Kila timu ilimchukua kwa furaha na kila timu ilimwacha bila kumuaga.

Kila alipohama alipitia nyumbani, na mara mbili nilimsindikiza. Mama yake alikuwa mwembamba, mwepesi wa maneno, mikono haitulii. Alimsikiliza mwanawe akieleza habari za timu mpya huku anapepeta ulezi.

"Msimu huu ukiisha narudi, mama. Najenga na naoa," Mwikwabe alisema.

"Ulisemaga hivyo hivyo mwaka ule mwingine, baba."

"Safari hii ni kweli."

"Haya. Na huo msimu wenu unaishaga lini? Sisi hapa tunajua masika na kiangazi tu."

Tulicheka. Yeye hakucheka, akaendelea kupepeta. Marieta naye alikuwa uani anasikia kila neno, na tulipoondoka alitusindikiza mpaka njia panda.

Mwaka wa sabini na nne ikaja operesheni ya vijiji. Watu wa milimani wakatakiwa kushuka, wakakae pamoja katika kijiji kipya kando ya barabara. Nyumba za zamani zikaezuliwa ili mtu asipate sababu ya kurudi. Wankyo alishuka na ng'ombe wake, sufuria na ungo. Wenzake walijengewa na waume zao na wanao wa kiume. Yeye alilala chini ya turubai, mvua ya masika inampiga. Shemeji zake wakaja na maneno matamu: tutakujengea, shemeji, ila zizi lako tuliunganishe na letu, maana wewe huna mwanamume. Akawaambia anaye. Wakamuuliza yuko wapi.

Ndipo akaenda kwa mwalimu Clementi wa shule ya pale kijijini, akamwomba ampelekee salamu kwenye redio. Mwalimu akajaza kadi ya salamu. Wakati ule nchi nzima ilisikiliza salamu. Mwikwabe alikuwa kambini na timu yake ya Dar es Salaam, wamemaliza kula, redio iko mezani, mtangazaji akasoma: Wankyo wa Butiama anamsalimu mwanawe Mwikwabe, golikipa, popote alipo, na ujumbe wake ni rudi nyumbani, nyumba imeezuliwa. Kambi nzima ikaangua kicheko. Golikipa anaitwa na mama! Hata kocha alicheka mpaka akakohoa. Mwikwabe naye akacheka. Alinieleza mwenyewe miaka mingi baadaye, na aliponieleza alificha uso.

Kwa nini hakwenda? Wiki ile ile golikipa namba moja alikuwa ameumia, na yeye, baada ya kukaa benchi la timu ile muda mrefu, alikuwa ameambiwa atadaka. Akasema moyoni, kombe likiisha. Kombe likaisha, wakalikosa. Ikaja ziara ya Zambia. Ikaja timu nyingine na ahadi ya nyumba ya shirika. Huo ndio ujinga wetu wachezaji: tunafikiri nyumbani kunasimama kutusubiri, kama lango linavyosimama pale pale uwanjani hata kama hakuna mechi.

Nyumbani hakukusimama. Wenzetu wa kule wana ndoa wanayoiita nyumba ntobu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, akiwa na ng'ombe wake, anaweza kutoa mahari akaoa msichana. Msichana anachaguliwa mwanamume wa kuzaa naye, ila watoto si wa mwanamume huyo. Ni wa nyumba ya yule mama, wanabeba jina la marehemu mumewe na wanarithi zizi. Ndoa hiyo ina sharti moja. Mama lazima asimame mbele ya wazee wa ukoo aulizwe kama ana mtoto wa kiume, naye ajibu kwamba hana. Akiwa naye, ndoa haipo.

Wankyo alisimama. Wazee walijua fika kwamba Mwikwabe yu hai, mmoja wao alikuwa amemsikia redioni akisifiwa Jumamosi iliyopita. Hata hivyo walimuuliza, naye akajibu hana. Akatoa ng'ombe, na msichana aliyemwoa ni Marieta. Marieta mwenyewe alikubali. Umri wake ulikuwa unakwenda, na wenzake wote walikuwa na watoto mgongoni.

Mwikwabe alirudi mwaka wa sabini na nane, goti limekufa na vidole viwili havikunjiki. Shirika lilikuwa limempa mkono wa kwaheri. Alikuwa na mkoba wa viatu vya mpira, kanga mbili za mama, na kitambaa cha gauni alichokificha chini kabisa. Akaniambia, "Kudura, sasa nimemaliza. Nisindikize nikaoe." Sikuwa najua lolote, nikaenda naye kwa furaha.

Tulikuta nyumba nzuri ya udongo, imepakwa rangi nyekundu chini na nyeupe juu. Watoto wawili wa kiume walikuwa wanacheza mlangoni. Marieta akatoka na mimba ya tatu. Alipomwona Mwikwabe akashika mwimo wa mlango, kisha akapiga goti kumsalimia, akasema, "Karibuni, wageni." Nilimwangalia rafiki yangu. Alikuwa bado anatabasamu, haelewi.

Mama yake akatoka ndani. Alimshika mikono yote miwili, akavigusa vile vidole vibovu kimoja kimoja. Machozi yakamtoka. Kisha akageuka akamwambia Marieta akamate kuku. Kuku akachinjwa, wali ukapikwa, tukawekewa maji ya moto ya kunawa, tukala peke yetu sebuleni. Mimi nilifurahia kuku. Mwikwabe alikuwa ameacha kula. Kwao mtoto wa nyumbani hula ugali uliopo pamoja na wenzake, kuku na wali ni vya mgeni.

Baada ya chakula mama yake akaketi mbele yetu, akamweleza yote bila kuzunguka. Hakuomba msamaha. Alisema, "Nilikuitaga mpaka redioni, baba. Hukuja."

"Nimekuja sasa."

"Sasa kuna hawa watoto."

Mwikwabe hakukubali. Nilimwambia tuondoke, akaniambia niondoke mwenyewe; nikabaki naye. Asubuhi alikwenda kwa Wanzagi, mkubwa wa wazee wa ukoo, akadai aitishiwe kikao. Mzee alimsihi. Alimwambia, "Kijana, kuna kitu ukikiuliza utajibiwa." Mwikwabe akasema ndicho anachotaka, ajibiwe.

Wakakaa nje ya nyumba ya Wanzagi, wazee kwenye vigoda, mashemeji nyuma yao wanasikiliza kwa tamaa. Wanzagi akaeleza mambo yalivyo. Wankyo akisema huyu ni mwanawe, basi ile ndoa ilikuwa ya uongo tangu mwanzo. Mahari itarudi, Marieta atarudi kwa baba yake, na wale watoto hawatakuwa na ukoo wala mahali pa kujenga. Akisema si mwanawe, mambo yanabaki yalivyo. Hakuna njia ya katikati. Mwikwabe alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, goti lake amelinyoosha, anamtazama mama yake. Nakwambia nimemwona mtu yule akisubiri penalti mbele ya uwanja uliojaa, na sijawahi kumwona akiogopa vile.

"Wankyo," mzee akasema, "una mtoto wa kiume?"

Marieta alikuwa amesimama kwa mbali na mtoto mgongoni. Wankyo akamtazama Marieta, akamtazama Mwikwabe, kisha akatazama chini.

"Sina," akasema.

Mwikwabe akainuka. Akajipangusa nyasi kwenye suruali, akawaaga wazee wote kwa zamu kama inavyotakiwa mgeni, kisha akamuaga mama yake vivyo hivyo. Zile kanga na kitambaa aliviacha kwenye kigoda sebuleni. Tukapanda basi la Musoma. Nilitaka kumlaumu mama yake, nikashindwa, na mpaka leo nashindwa. Nilitaka kumlaumu yeye, nikamwona anavyolia bila sauti, nikashindwa vilevile. Basi nikabaki na uchungu ambao sina wa kumpa.

Aliishi nasi Nyasho miaka iliyobaki. Alikuwa mlinzi wa ghala moja la pamba, kisha akaachishwa, akawa anashinda uwanjani akiangalia watoto wa watu wakidaka vibaya. Hakufundisha mtu. Vijana walimwomba sana, akawa anawafukuza. Gongo aliinywa kama dawa, bila kuifurahia. Hakuoa. Butiama hakukanyaga tena, na mtu akimuuliza kwao ni wapi alisema ni Musoma hapa hapa. Nilijaribu kumtania, nilijaribu kumgombeza, mke wangu Mwanaamina alijaribu kumlisha. Aliishiwa na hamu, na mtu akishaishiwa na hamu huwezi kumwongezea. Vita vya Kagera vikapita, sukari na sabuni zikawa adimu, sisi wote tulikonda, ila yeye alikonda kupita sisi. Masika ya mwaka wa themanini na tatu kifua kikambana, akafa.

Nilituma habari Butiama kwa dereva wa lori. Kwa kweli sikutegemea mtu. Tulitandika majamvi nje ya chumba chake, moja la wanaume, moja la majirani wanawake, na moja karibu na mlango, la wafiwa. Lile la mlangoni halikuwa na mtu. Watu walikuwa wanalizunguka wanapopita, kama lina maji.

Karibu na saa ya kwenda kuzika akafika bibi kizee peke yake, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini. Nilimtambua kwa ile mikono isiyotulia. Nikamkimbilia, nikamshika, nikamwongoza kwenye jamvi la mlangoni. Akasimama hapo hapo, hakulikanyaga.

"Hapana, mwanangu," akaniambia. "Mimi nimekuja kuzika tu."

Akaenda akakaa pembeni, katikati ya majirani. Mama mmoja akamsogelea kumpa pole, akamuuliza marehemu ni nani wake.

"Kijana wa kule kwetu," akajibu.

Alikuwa amejifunga mojawapo ya zile kanga alizoziacha Mwikwabe, bado ina mikunjo ya dukani. Hakulia kwa sauti, maana anayelia kwa sauti huulizwa. Alikaa na majirani, akaitikia pamoja na majirani, na jamvi la wafiwa likabaki tupu mpaka tukanyanyua jeneza.