Mwalimu Alisema Kata

Mimi ndiye niliangusha ule mti.

Naanza hapo ndio mtu asije kunianika kwa comment. Si upepo, si radi. Ni mimi Ndwiga, savea wa mashamba mwenye diploma, baba ya watoto watatu, na kwaya naimba besi.

Na siku hiyo hiyo, kabla ya saa tano, shimo la ule mti lilikuwa linatapika maji kama mtu amekula githeri ya juzi.

Wacha nieleze polepole.

Mimi ni mtu wa Ishiara, kwa jua. Kazi ilinileta Meru, juu huko karibu na msitu, mahali hata nzi anahitaji sweta.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu anaitwa Mutuma. Shamba la urithi alitaka kuligawa ploti ishirini na nne, watu wajenge. Na nyumba zinahitajika, tusidanganyane. Pale mjini manesi wawili wanalala chumba kimoja, mmoja akitoka zamu ndio mwingine anapata kitanda.

Shida ilikuwa chini ya shamba.

Ploti sita za mwisho ziliangukia ndani ya miuru. Kama hujui muuru, ni ule mti ulitengeneza kitanda cha nyanya yako, na hicho kitanda bado kiko, wewe umeshanunua vingine vinne vikavunjika. Hapo ilikuwa kama sitini, mikubwa, imeshikana juu mpaka mchana chini yake ni kama jioni.

Na katikati ya hiyo miti kuna kithima, yaani chemchemi. Marcella, jirani wa chini ambaye sisi wote tunamwita Mama Kinya, ndio huchota maji hapo.

Sasa, sheria inataka uache nafasi kando ya maji. Lakini kwa ile ramani ya zamani hakukuwa na maji. Aliyeichora labda alikuja kiangazi akaona majani tu, akaenda zake. Na ramani ikisema hakuna maji, savea mvivu anasema amina.

Mimi nilikuwa namwona Mama Kinya kila asubuhi akipita na mtungi, maji yanamdondokea kisigino.

Jicho liliona. Ni ploti namba ishirini na mbili ililiziba.

Hiyo ploti ndio ilikuwa malipo yangu ya kazi. Miaka kumi na tisa nimepimia watu mashamba, na bado nimepanga kwa Gladwell, mama ambaye hataki upige msumari kwa ukuta wake hata wa kalenda. Kwa ishirini na mbili ningepiga misumari mpaka majirani wahame.

Jioni moja Mama Kinya alikuja kwa Mwalimu, mimi nikiwa hapo na ramani.

"Mwalimu, mimi sikatai nyumba," akasema. "Kinya wangu ni nesi, na yeye anatafuta mahali. Lakini jenga huko juu. Hii miti ndio blanketi ya kithima. Ukiitoa, kithima kitashikwa na homa kiende."

"Mama Kinya, watu wameshaomba ploti."

"Waombe na maji pia."

Mwalimu akakuna kichwa. "Wacha nifikirie. Ndwiga, nipigie kesho saa moja nikwambie kama tunakata."

Saa moja asubuhi nikapiga. Kiogora wa power saw alikuwa ameshafika, anakunywa chai kwa kifuniko cha chupa. Ile tingatinga ya kufungua barabara iko kando.

"Mwalimu, habari ya kuamka. Ile miti ya chini, tukate ama tusikate?"

Simu ikakwaruza kama mtu anakaanga omena.

"...Ndwiga... kata..."

"Umesema tukate?"

"Kata! Kata!"

Ikazima.

"Amesemaje?" Kiogora akauliza.

"Amesema kata."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Basi huyo ameamua."

Mtu mwingine angeanza ukingoni. Mimi nikampeleka moja kwa moja kwa muuru uliosimama katikati ya ishirini na mbili.

"Anza na huu. Na kisiki king'olewe leo leo."

Kiogora akaniangalia. "Kwani hii ploti ni ya nani?"

"Ya mteja fulani."

Mti ukaanguka. Sitasema mengi. Ulienda polepole, halafu ukaenda wote, na ndege wakanyamaza mpaka nikasikia saa yangu ya mkono.

Mama Kinya alitokea na mtungi mtupu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Savea, ni nani amesema?"

"Mwalimu."

"Sawa. Wewe si unajua kupima? Pima basi kutoka hapa mpaka kwa kithima."

Sikupima. Nilikuwa najua. Ni hatua kumi na moja.

Tingatinga ikang'oa kisiki. Mwanzo shimo lilitoka jasho tu pembeni. Halafu likaanza kulia. Kufikia saa nne na nusu lilikuwa limejaa, na jani la muuru linaelea juu likizunguka.

Kiogora akachungulia. "Savea, huyo mteja wako amenunua bwawa."

Hapo ndipo Mwalimu alifika na bodaboda, koti halijafungwa.

"Ndwiga! Nani amekwambia ukate mti?"

"Ni wewe, Mwalimu. Mara tatu."

"Nilisema ukate simu! Sikuwa nakusikia! Kata simu nikupigie!"

Kiogora alikaa chini. Alicheka mpaka akashika ubavu. Mama Kinya pia akageuka, nikaona mabega yake yanatingika.

Mwalimu akaja kwa shimo. "Hii ni namba ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Hiyo si yako?"

"Aaa," Kiogora akasema. "Kumbe mteja amekuwa hapa tangu asubuhi."

Mwalimu hakucheka. Alichovya ncha ya kiatu kwa maji, halafu akanigeukia. "Niambie kitaalamu. Nyumba inaweza kusimama hapa?"

Jameni, hapo ndipo nilijua diploma ni mzigo.

Kwa sababu majibu yalikuwako. Ningesema tuchimbe mtaro, tumwage mawe, tuinue msingi. Angekubali. Alitaka kukubali, niliona kwa uso.

Mama Kinya alikuwa bado ameshika mtungi mtupu.

"Hapa ni maji, Mwalimu," nikasema. "Zote sita si ploti. Ramani ilikosea, na mimi nilijua."

Mwalimu akafuta zote sita, nami nikapima upya wiki mbili, bila malipo. Nilibana huku na kule, ploti kumi na nane za juu zikawa ishirini. Vyoo vyote vikasogezwa mbali na kithima. Miuru ikapewa mpaka wake na bikoni zake, yale mawe ya alama, kama mtu mzima.

Kinya alipata namba tisa. Yangu haikupatikana, zote zilikuwa na wenyewe. Bibi yangu Wamuyu aliniuliza swali moja tu: "Kwa hivyo tunarudi kwa Gladwell?" Nikamwambia hatukuwa tumetoka.

Sasa sikieni hii.

Juzi Kinya alifungua nyumba yake, tukaitwa chai. Mwalimu akanivuta kando.

"Ndwiga, ile asubuhi nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka ukate simu nikupigie nikwambie mwangushe yote sitini. Hata nilikuja na bodaboda kwa sababu simu ilikataa kushika. Nilifoka tu kwa sababu ulianza kabla sijasema."

Nikaweka kikombe chini, nikapiga hesabu.

Kiogora akiachiwa, anaangusha yote kwanza na visiki vinangoja mwezi mzima. Ni tamaa yangu ya kuweka msingi ndiyo ilichimba lile shimo mapema, miti mingine ikiwa bado imesimama.

Lakini msiniletee pongezi. Funzo langu ni dogo: ukiona mtu anapita na maji kila siku, usiende kuuliza karatasi kama kuna maji.

Sasa huku hakuna anayeniita Ndwiga. Ni Mzee Kata. Watoto, bodaboda, hata pasta amejikwaa mara moja akitangaza kwaya.

Jana niliandika kwa grupu ya estate: "Majirani wema, nimepanda miche kumi na mbili ya miuru pale chini. Naomba tu mnirudishie jina langu."

Wamesoma thelathini na nane, hakuna aliyejibu.