Vifungo Kumi na Kimoja vya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na minane alikuwa na sentensi moja aliyoipenda kuliko wajukuu zake: "Kazi yangu hairudi." Aliwaambia wateja, akamwambia jirani yake muuza vitambaa, na mimi akaniambia siku nilipokwenda kumchumbia binti yake, ingawa sikuwa nimemwomba anishonee chochote.

Basi fikirieni hali ilivyokuwa siku kazi iliporudi.

Aliyeirudisha ni mwongoza njia, bwana mmoja mrefu mwenye pua iliyobabuka, ambaye kila msimu wa baridi huwapeleka watu mlimani kutembea kwenye theluji na mizigo mgongoni, kwa hiari yao wenyewe. Zipu ya begi lake la zamani ilikuwa ikiganda, akaomba begi lisilo na zipu. Mama mkwe akamshonea shanta la turubai, mshono mara mbili, na mbele akaweka vifungo kumi na kimoja, vidogo kama punje za mahindi, kila kimoja kimebana kwenye tundu lake. Lilikuwa begi zuri la kuvaliwa hata harusini.

"Halifunguki, Mama Fundi," bwana yule alisema, akiliweka juu ya meza ya kukatia.

Mama mkwe akavifungua vyote kwa vidole viwili, bila hata kuvitazama. Macho yalikuwa kwa mteja.

"Hapa dukani sawa," alisema mwongoza njia. "Kule juu tunavaa glavu."

"Vueni."

"Tukivua, vidole vinakufa ganzi."

"Basi kosa ni la vidole."

Bwana yule akacheka, na hapo ndipo alipoharibu. Mama mkwe akatangaza kwamba Jumamosi atapanda naye mlima, atalifungua begi lile mbele ya watu wote, na baada ya hapo asisikie neno. Mke wangu akanigeukia. "Utaenda na mama," alisema. Mimi ni kinyozi. Kazini kwangu kitu cha baridi kuliko vyote ni chupa ya spiriti.

Hapa lazima niseme jambo moja. Meno ya juu ya mama mkwe ni ya bandia. Hakuna anayejua. Yaani wote tunajua, ila hakuna anayejua. Kwa miaka minane nimekuwa nikiingia bafuni kwake na kunawa mikono nikiwa nimekaza shingo, nisije nikaiona ile bilauri iliyoko juu ya rafu.

Jumamosi tulikuwa watu sita. Mama mkwe alidai chakula cha wote kiwekwe ndani ya begi lake: mikate, mayai ya kuchemsha, jibini na chupa ya chai. Eti jaribio lisilo na njaa si jaribio. Begi nikalibeba mimi. Tulifungiwa chini ya buti vyuma vyenye meno ya kung'ata barafu, nikawa natembea nikinyanyua magoti kama navuka watoto waliolala sakafuni. Yeye alitembea vizuri tu, futi yake ya kupimia shingoni, mkasi umening'inia juu ya koti, akikagua mishono ya wenzetu.

"Suruali hii nani alikushonea?" alimuuliza dada mmoja. "Mligombana?"

Penye mteremko mfupi wa barafu alikaa chini ghafla, bila kukusudia, akaendelea na safari hivyo hivyo, amekaa, mpaka akamfikia mwongoza njia na kumpita.

"Panateleza," alimwarifu.

Saa saba mchana tukasimama nyuma ya mwamba ili tule. Upepo ulikuwa unapenya hadi kwenye mawazo. Nikalitua begi. Theluji ilikuwa imeyeyuka juu ya turubai kisha ikaganda tena, na matundu ya vifungo yamekakamaa kama ubao. Watu wakakaa nusu duara, wakitazama begi lenye mayai yao.

Mama mkwe akajaribu na glavu. Wapi. Akavua glavu moja, akahangaika kidogo, vidole vikageuka rangi.

"Vaa glavu, Mama Fundi," mwongoza njia alisema kwa upole. "Na mkasi unao. Kata tu."

"Sikati kazi yangu."

Nilimwonea huruma kwa kweli. Miaka ishirini na minane yote ilikuwa imesimama pale kwenye baridi, inasubiri kifungo. Ndipo akainama, akang'ata. Cha kwanza kikafunguka! Cha pili pia! Watu wakaanza kushangilia. Alipofika cha tatu akavuta kichwa kwa nguvu, kichwa kikaja, meno yakabaki.

Yalikuwa yameng'ang'ania begi, yanatuchekea sote.

Mimi niligeuka mara moja nikaelekea bondeni, nikaanza kusifu mandhari kwa sauti kubwa. Nilisifu mawingu. Nilisifu miti, ambayo haikuwepo.

"Mkwe," nikasikia nyuma yangu, sauti ndogo. "Geuka, unishikie begi."

Nikageuka, macho kwenye buti zangu. Nikasikia mkasi: kach, kach, mara tisa. Kisha akasema, mbele ya watu wote, "Begi lina kosa."

Tukala. Mikate ilikuwa imeganda kama matofali, na asiye na meno na mwenye meno wakawa sawa.

Wiki ile ile alilishona upya, safari hii kwa vitanzi vya kamba na vijiti vya mbao vinene kama kidole gumba. Akanikalisha dukani na glavu za mlimani, joto kali, nikalifungua mara ishirini huku jasho linanitiririka. Mwongoza njia alipokuja kulichukua, alilifungua kwa glavu, akaagiza mengine matano.

Siku hizi mteja akimuuliza kama kazi yake imewahi kurudi, anajibu, "Moja." Halafu ananyoosha mkasi upande wangu. "Muulize mkwe wangu, alikuwepo. Aliona kila kitu."

Naye mteja hunigeukia.

"Mimi nilikuwa natazama mandhari," namjibu.

Mama mkwe hurudi kwenye cherehani yake akitabasamu, meno yote mahali pake.