Marehemu Tisa kwenye Orodha ya Athieno

Athieno amekuwa katibu wa chama cha wafuga nyuki wa Kwapa, Petta na Masinya kwa miaka kumi na minne, na muda wote huo hajawahi kukiri kosa. Si kwamba hakosei, hajapata nafasi. Ofisi yake ni chumba kimoja mjini Tororo chenye meza, kompyuta na mzinga wa mfano ambao nyuki wenyewe waliukataa.

Ojiambo wa Masinya, mwalimu mstaafu mwenye mizinga minne na maoni arobaini, ndiye aliyeanza kutangaza kwamba orodha ya katibu imejaa makaburi. "Anawaandikia wafu," alisema kila palipokusanyika watu wawili. "Jumamosi kwenye mkutano mkuu tutamuuliza, kisha tutachagua mwingine."

Sheria ya chama ni fupi: asiyepata mwaliko kwa barua pepe hapigi kura. Ililetwa na mfadhili zamani, akataka kila mwanachama awe na anwani, na watu wote wakafunguliwa anwani siku moja, kwa foleni, kama chanjo ya surua. Wengi walisahau nywila kabla hawajafika nyumbani, wakafungua nyingine. Ndiyo maana Ekaju, mtu mmoja tu, alikuwa kwenye orodha mara nne: Ekaju, Ekaju Mpya, Ekaju Mpya Kabisa, na Ekaju Usitumie Zile za Zamani.

Jumatatu Athieno alikaa mbele ya kompyuta. Alifuta Ekaju watatu bila huruma. Alifuta barua elfu mbili, zikiwemo hongera za kushinda bahati nasibu katika nchi asiyowahi kuikanyaga, na salamu za Krismasi za mfadhili ambazo, alipozisoma kwa mfululizo, zilikuwa ile ile moja. Kisha akawafikia marehemu. Walikuwa tisa. Kila mmoja alimkumbuka kwa mazishi yake, akasema "Pumzika," akabonyeza. Akatuma mialiko, akaagiza chai.

Jumatano asubuhi mlangoni alisimama mwanamume wa makamo, ndani ya koti lililomfunika vidole.

"Madam, barua yangu haikufika."

"Wewe nani?"

"Olweny. Wa Petta."

Athieno alivua miwani. "Olweny tulimzika. Nilikaa jikoni pale siku mbili namenya vitunguu. Usinichezee."

"Ile ilikuwa baba. Mimi Ochwo, mtoto yake. Lakini siku ya kuondoa matanga wazee walinikalisha kwa kiti yake, wakanipa mkuki, wakanipa koti hii na karatasi ya nywila. Wakasema, kutoka leo wewe ndio Olweny. Miaka tatu nakujibu barua, Madam. Ile 'Nimepokea, asante,' ni mimi."

Majibu ya "Nimepokea, asante" yalikuja kwa makumi, na Athieno alizoea kuyahesabu bila kutazama yametoka kwa nani.

"Na kwa nini hukuandikisha jina lako?"

"Kiti ni moja. Nikileta jina ingine, baba anakufa mara ya pili."

Athieno alimpa chai.

Ochwo alipoondoka, Athieno alizipigia simu zile familia nane nyingine. Tano zilikuwa na mrithi aliyekalia kiti na kusoma barua. Tatu hazijaondoa matanga, hao wasubiri. Kompyuta hutunza vilivyofutwa kwa siku thelathini, kwa hiyo aliwafufua marehemu sita, mmoja mmoja, na kila mmoja akatumiwa mwaliko wake. Safari hii alisoma anwani zenyewe za orodha nzima, si majina aliyozihifadhia tu, na alipofika kwa "Ojiambo Masinya" akasoma mara mbili. Anwani ilianza na *rasto*. Mzee Rasto, mwanzilishi wa chama, baba yake Ojiambo, yuko kaburini mwaka wa kumi na moja sasa. Akafungua daftari la wanachama. Rasto yumo. Ojiambo hayumo.

Athieno alifunga daftari, akaenda kununua ndizi.

Jumamosi Ojiambo alisimama kabla "amina" ya sala ya ufunguzi haijatua.

"Madam Katibu, wewe ni msomi. Tuambie bila kuzunguka: wafu wangapi wanapata barua zetu?"

"Saba," alisema Athieno.

Ukumbi ukavuma. Ojiambo aligeuka ili watu wamwone vizuri.

"Sita wako hapa, kwa warithi wao. Simameni." Wakasimama, Ochwo na koti lake mbele.

"Na wa saba?"

"Wa saba ni Mzee Rasto. Jina lake ndilo liko daftarini, mwalimu, na anwani yake ndiyo uliyopokelea mwaliko wa leo. Ukitaka nimfute, kompyuta nimekuja nayo."

"Mfute, tuone mwalimu akitoka!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na hata wenye msiba wakacheka.

Ojiambo aliitazama kompyuta. "Baba asiguswe," alisema, akaketi.

Athieno alibaki katibu kwa kura zote isipokuwa mbili. Kwenye kumbukumbu za mkutano aliandika: "Orodha ilihakikiwa." Jumatatu akaongeza safu mpya kando ya majina: *anayekalia kiti*. Kwa Olweny aliandika Ochwo, kwa Rasto akaandika Ojiambo. Ekaju, aliyefika asubuhi hiyo hiyo na anwani ya tano, aliandikiwa: *yeye mwenyewe, mpaka sasa*.