Neno Moja Nyuma

Kwa miaka ishirini na saba, mwanamke tunayemwita Dada Vidole amekuwa akichapa maelezo ya mashahidi katika masjala ya mahakama yetu, na sijawahi kumwona akiitazama kibodi. Alijifunza kazi enzi za taipureta, kwa mwalimu aliyewafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa ili wasichungulie. Macho yake hukaa kwenye karatasi. Mikono huendelea na shughuli zake huko chini, na akikosea, kidole chenyewe humwambia. Mimi hutafsiri nyaraka kwenye meza inayopakana na yake. Nimeuzoea mlio wa vitufe vyake kiasi kwamba ukikatika ghafla, mimi huinua kichwa.

Mlio huo ulianza kukatika wiki ileile tulipoletewa kompyuta mpya.

Zile za zamani, tulizozitumia miaka kumi na mmoja, zilikuwa za mfumo mmoja. Hizi ni za mfumo mwingine kabisa. Mafunzo yote tuliyopewa yalikuwa sentensi moja. Fundi wa kompyuta, ambaye ofisi nzima humwita Zima-Washa kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila tatizo, alisimama mlangoni akatangaza, "Jamani, kivinjari ni kilekile na fomu ni zilezile, msiwe na wasiwasi," kisha akaenda zake. Ule ulikuwa uzembe, na sioni sababu ya kuutafutia jina la heshima.

Asubuhi ya kwanza, Dada Vidole aligundua badiliko moja tu: kitufe cha Alt kilikuwa kimesogea hatua moja kuelekea kile kirefu cha nafasi. Alikihitaji mno. Kwenye mashine za zamani, Alt pamoja na mshale wa kushoto vilimrudisha neno moja nyuma, nalo ndilo lililokuwa rekebisho lake la kila siku. Akakifundisha kidole gumba mahali papya, na kabla ya saa nne alikuwa amefuzu.

"Mwenzangu," alinitambia, "uzee umenitafuta leo haukunikuta."

Siku ya pili, Karani Mkuu alikuja na jalada mkononi. "Dada, maelezo ya shahidi wa pili yako wapi?"

"Nimeshatuma, mzee."

"Hayapo."

Akachapa upya, kurasa nne. Kesho yake yakapotea mengine, na keshokutwa mengine tena. Zima-Washa aliitwa, akazima, akawasha, akatoa hukumu: "Mashine haina tatizo lolote. Labda dada apewe likizo, akili nayo huchoka." Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, lakini nilimwona akikunja ncha ya karatasi, akiikunjua, akiikunja tena.

Siku ya Alhamisi alinivuta hadi kwenye bomba la maji nje ya masjala.

"Usimwambie mtu," alisema. "Nachapa vizuri tu. Narudi kurekebisha neno, nikiinua macho naona orodha ya majalada. Unajua orodha ile haiji mpaka umetuma. Kwa hiyo nimetuma. Ila sikumbuki kutuma! Kile kipande cha kutuma hakimo kabisa kichwani."

"Umechoka, dada yangu."

"Mama alianza hivihivi. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Siku hizi ninapompelekea uji ananiuliza mimi ni binti wa nani." Akafunga bomba, ingawa halikuwa limefunguliwa. "Nina hamsini na mbili. Humu mna kesi za watu. Mtu asije akafungwa kwa sababu nimesahau. Kesho naandika barua ya kuomba kustaafu, niondoke kabla hawajaniondoa."

Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nilifika nikiwa na hasira ambazo sikujua nimpe nani. Kiti changu kilikuwa kimepelekwa kwenye chumba cha mkutano, kwa hiyo nilivuta kigoda cha kufikia rafu za juu nikaketi kando yake, macho yangu yakiwa sawa na kimo cha meza. Wote waliokuja kumkagua walikuwa wamekitazama kioo cha kompyuta. Kwa sababu ya kigoda kile, mimi niliitazama mikono.

Alichapa ukurasa mzima bila kosa. Kisha akaguna, kidole gumba kikabana Alt, mkono wa kulia ukagusa mshale mara moja. Nikainua macho haraka. Fomu ilikuwa imetoweka, orodha ya majalada imekaa mahali pake.

"Umeona?" alisema. "Nimetuma tena."

"Hukutuma kitu. Hukugusa kitufe cha kutuma hata kidogo. Hebu fungua fomu, andika lolote, kisha ubane vilevile."

Akaandika jina lake, akabana. Orodha. Akarudia. Orodha. Mara ya tatu alibana akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Nikamwita Zima-Washa, nikamwita na Karani Mkuu.

"Ah, hiyo!" alisema fundi baada ya kutazama. "Kwenye mfumo huu, Alt na mshale hurudisha ukurasa mmoja nyuma, kwenye orodha ulikoifungulia fomu, si neno. Kurudi neno ni Ctrl na mshale. Ndivyo kivinjari kilivyopangwa tangu kiwandani, dada. Si kosa."

"Ni kosa la nani basi, la akili yake?" nilimuuliza. "Kivinjari ni kilekile, wewe mwenyewe ulisema. Vitufe ni vilevile. Upande mmoja vinasogeza neno, upande wa pili vinatupa maelezo ya shahidi bila hata kuuliza, nawe ulikuwa unajua!"

"Kila mfumo una mazoea yake. Mimi navipenda hivi, huniokolea muda."

"Wewe huandiki kurasa nne," Dada Vidole alisema. Ndiyo mara ya kwanza wiki ile kumsikia akimjibu.

Karani Mkuu, ambaye huchapa kwa vidole viwili na hana upande katika ugomvi wa mifumo, aliketi akaandika mistari mitatu, akabana Alt na mshale, akaiona orodha. "Na hakuna aliyeambiwa?"

Zima-Washa alikuna kisogo. "Niliona ni jambo dogo, mzee."

Kabla ya saa sita jambo dogo lilikuwa limeshughulikiwa: njia ile ya mkato ilizimwa katika kila kompyuta ya masjala, na karatasi yenye orodha ya vitufe vilivyobadilika kazi ikabandikwa chini ya kila kioo. Fundi aliibandika kwa mkono wake. Alipofika kwenye meza yetu alisema kwa sauti ya chini, "Dada, lile neno la akili nilikosea. Nisamehe." Akajibiwa kwamba amesamehewa, ila azime na kuwasha adabu yake kila Jumatatu. Chumba kizima kikaangua kicheko, na safari hii cha Dada Vidole ndicho kilichotangulia.

Watu walipotawanyika alibaki ameketi, mikono mapajani, akivuta pumzi kama mtu aliyetua ndoo kutoka kichwani.

"Na barua?" nilimnong'oneza.

"Barua gani! Nimeianza alfajiri, kwenye barua pepe, kabla hujafika. Nikafika 'naomba kustaafu kwa hiari', nikaona neno 'hiari' nimelikosea. Nikarudi neno moja nyuma." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, huku akicheka. "Ikatoweka yote. Nikasema, maskini mimi, hata kuacha kazi nimesahau."

Akavuta jalada la maelezo yaliyopotea asubuhi ile, akaweka macho kwenye karatasi, na mlio ukaanza.