Makopo Mawili ya Mama Matabishi

Ukimtafuta Generose pale soko la Nyamianda, kando ya ziwa, usiulizie jina alilobatizwa. Ulizia Mama Matabishi, hata mtoto atakuonyesha meza yake ya maharage. Matabishi ni ile nyongeza anayopewa mnunuzi kopo likishajaa. Wenzake waliitoa huku wamebana vidole. Yeye aliimwaga mpaka ikafurika, akikuulizia na hali ya watoto. Nani angemshuku mtu wa namna hiyo?

Sasa sikia. Mama huyu alikuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga, yamepakwa rangi moja ya buluu. La kuuzia alikuwa ameligonga kitako kwa nyundo likabonyea ndani. La kununulia alilitutumua kitako nje, likawa na tumbo. Matabishi unayopewa kwa tabasamu yalikuwa yamekwisha kukatwa huko chini, tena kwa zaidi, na bado wewe ndiye uliyeshukuru! Alianza mchezo huo mwaka ule barabara ya kwenda Kamanyola ilipofungwa, naye mumewe, Cyprien, akakosa kazi. Alijiapia kuwa ni miezi miwili tu. Barabara ikafunguliwa, ikafungwa tena, ikafunguliwa. Makopo yakabaki.

Jumapili moja pasta Jean-Marie alifundisha habari ya kutafuta mali. Hakusema utajiri ni dhambi. Alisema Mungu hubariki kazi ya mikono, ila Musa aliwakataza watu kuweka nyumbani vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Generose akainamia Biblia bila kusoma hata neno. Kisha pasta akatangaza:

"Siku ya Mungu yenye inakuya, kila muntu alete kitu anatumikisha kazi, tukiombee. Fundi alete mukasi. Mama Matabishi, weye utaleta kopo."

Kopo gani? Wiki nzima swali hilo lilimkosesha usingizi. Kuweka moja ya yale mawili mbele ya madhabahu aliogopa, na aliogopa kweli. Kwenda mikono mitupu, watu wangeuliza. Jumamosi akanunua kopo jipya, akalipaka buluu, na kesho yake likaombewa katikati ya mikasi na majembe. Generose alilia sana. Wenzake wakasema Roho amemshukia. Yeye aliazimia kuwa kuanzia Jumatatu atapimia hilo tu, na yale ya zamani atayatupa ziwani kimyakimya, mambo yaishe. Alitaka kutubu pasipo mtu kujua, maskini.

Jumatatu asubuhi, kabla hajapata nafasi ya kwenda ziwani, akaja mezani Mukansanga na gunia lake kutoka Bijombo, juu mlimani. Mama huyo, aliyeitwa pia Mama Hirwa kwa jina la mwanawe, alikuwa akimletea maharage mwaka wa tatu sasa. Nyumbani kwake alikuwa akipima makopo hamsini kwa kopo la kawaida. Mezani kwa Generose yalitoka arobaini na matano. "Njia inatikisa, yanashikamana," Generose alikuwa akimwambia, na Mukansanga, mtu wa haya, hakubishana.

Safari hii Generose alipima kwa kopo jipya. Yakatoka hamsini kamili. Moyo wake ukawa mwepesi, akatabasamu. Mukansanga hakutabasamu. Aliketi juu ya gunia tupu.

"Kumbe ilikuwa yeye," akasema.

"Nani, Mama Hirwa?" Generose akauliza.

"Divine, mukwe wangu, bibi ya Hirwa. Minye nilikuwa napima mangaribi, yeye anashona gunia asubui. Nikasema ni yeye anapunguza. Juma yenye ilipita nilimurudisha kwabo na mimba yake. Alilia, akaapa, hata minye nikaanza kuwa na mashaka. Sasa ona. Gunia hii nimeshona mwenyewe, na iko kamili." Akajifuta macho. "Nitaambia Hirwa atafute bibi mwingine."

Kopo la haki, kopo lililoombewa, ndilo lililomtia Divine hatiani. Angenyamaza tu, nani angejua? Jina lake lingebaki, meza ingebaki, na kule mlimani mtoto angezaliwa mbali na baba yake kwa ajili ya tumbo la kopo.

Akainama chini ya meza, akatoa kopo la zamani la kununulia.

"Mama Hirwa, Divine hakuiba. Ni minye."

Mukansanga alimtazama bila kuelewa. Basi Generose akajaza kopo jipya maharage, akayamimina ndani ya lile la zamani mbele ya wanunuzi waliokuwa wakingoja. Halikujaa. Vidole viwili vizima vilipungua. Mama mmoja akarudisha maharage aliyokwisha kuyanunua, akaondoka bila kudai matabishi.

Mukansanga aliingiza mkono, akapapasa kitako kile kilichotutumka. Alipapasa kwa muda mrefu. Generose alingoja matusi, na angeyapokea kwa furaha.

"Minye nilimufukuza kwa kinywa yangu," Mukansanga akasema mwishowe. "Nikienda peke yangu, kwabo hawatanisadiki." Akamrudishia kopo mkononi. "Ubebe hii. Utapanda na minye mpaka kwabo, utamwambia Divine weye mwenyewe."

Kupanda Bijombo si mchezo, kwa miguu siku inaisha. Generose akafunika maharage, akalikumbatia kopo, akamfuata.