Uwazi Juu ya Ukuta wa Landhi

"Mke wa Wamalwa, hebu niambie ukweli. Huyo mwanamume unayemgombeza kila jioni, na mumeo yuko Taveta, ni nani?"

Dinah, mama wa Kidawida kutoka Chawia, alimuuliza Khalayi swali hilo bombani, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Voi, mwaka wa hamsini na sita. Tena alimuuliza mbele ya wanawake waliokuwa na masikio marefu kuliko foleni ya madebe yao.

Khalayi alikuwa mke wa juzijuzi, ameletwa kutoka Lugulu, kwa Wabukusu. Mumewe Wamalwa alifanya kazi kwenye garimoshi la mizigo la Taveta. Akiondoka leo, siku ya kurudi anayeijua ni Mungu na injini. Kwao Khalayi alizoea nyumba iliyojaa wadogo zake, kuku na vicheko. Hapa palikuwa na yeye, sufuria moja na vumbi jekundu. Kidawida hakukijua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi tu.

Mwanzoni alilia mpaka machozi yenyewe yakachoka. Ndipo siku moja akamwambia Mungu waziwazi: "Baba, kama ulibaki Lugulu na mama, niambie nijue. Na kama ulipanda treni pamoja nami, basi usikae kimya kama mgeni. Kaa hapa nikipika."

Moyo ukatulia, kana kwamba mtu amevuta kigoda akaketi karibu naye. Tangu hapo akawa anaongea na Mungu akisonga ugali, kwa Kibukusu, na si kwa kunong'ona. Alimlaumu kwa ajili ya jua la Voi, alimcheka kwa kuumba nzi, alimshukuru kwa kunde zilizoiva upesi.

Shida ni kwamba kuta za landhi hazikufika juu. Aliyezijenga aliacha uwazi chini ya mabati ili upepo upite, na pamoja na upepo yakapita maneno. Na upande wa pili ndiko alikokaa Dinah.

"Ni Mungu," Khalayi akajibu pale bombani.

Wanawake wakacheka hadi madebe yakafurika.

"Mungu!" akasema Mumbe, ambaye ulimi wake haukujua Jumapili. "Sisi wetu tunasimama mbele yake na kitabu mkononi, wewe wako unamfokea kama mpagazi?"

Baadaye Dinah akamvuta kando. "Mwanangu, Wamalwa anarudi Jumamosi. Mkanye huyo mtu asije tena, la sivyo utarudishwa kwenu na sanduku lako kichwani."

Khalayi akaingiwa na hofu. Mume akiyaamini hayo, ndoa imekwisha. Jioni ile akasonga ugali amefunga mdomo. Alijaribu kuomba moyoni, lakini maneno yakamkwama, na chumba kikarudi kuwa chumba tu. Kesho yake vivyo hivyo.

Ijumaa, jua likishuka, Dinah akabisha hodi na chane ya ndizi mkononi.

"Mbona mmenyamaza?"

"Nani na nani, mama?"

"Wewe na huyo wako! Mume wangu analinda stesheni usiku, na hata akiwa nyumbani ni kisiki. Mimi nilikuwa namenya ndizi zangu nikiwasikiliza. Ukicheka, nacheka; wala sijui tunacheka nini." Akaketi kwa kuguna. "Wiki jana nilipanda juu ya sanduku nikachungulia. Nikakuona peke yako. Nikasema, amejificha chini ya kitanda. Lakini mtu wa chini ya kitanda hachekewi vile."

Khalayi akafumba macho, na kwa Kiswahili chake cha chumvi akasema, "Baba, huyu ni Dinah. Ndiye alinisema bombani. Magoti yake yanauma. Mpe pole."

"Ala! Unanisema nikiwa papa hapa? Na magoti nani kakwambia?"

"Uwazi ni wa sisi wote, mama. Mimi pia nakusikia ukiinuka."

Jumamosi Mumbe akampokea Wamalwa stesheni na habari za huyo mwanamume, kabla hajanawa masizi. Wamalwa akaja mbio, uso umevimba, na wanawake nyuma yake, wasije wakakosa. Mlangoni akasimama ghafla. Ndani, mkewe alikuwa akigomba. Na katika landhi zile zote, mwingine aliyejua Kibukusu alikuwa Wamalwa peke yake.

"...na ukimrudisha salama, Baba, mwambie aongee nami. Akifika analala kama gunia la mahindi. Wewe unanisikiliza, yeye anakoroma."

Wamalwa akavua kofia polepole.

"Haya, ni nani?" Mumbe akauliza, pumzi juu.

"Namjua," akasema Wamalwa. "Ndiye aliyenilea. Nimeshtakiwa kwake, na kesi nimeshindwa."

Akaingia. Jioni ile alisikika akiongea na mkewe mpaka ugali ukapoa.

Miezi ikapita, wakaja mafundi wa reli na mbao kuziba uwazi ule wa juu, maana watu walilalamika kwamba siri zao zinasafiri bila tikiti. Walipofika chumbani kwa Khalayi walimkuta amesimama chini ya ukuta, mwiko mkononi, akitabasamu. Upande wa pili Dinah alikuwa akimgombeza Mungu, kwa Kidawida, juu ya magoti.

"Bwana fundi," akasema Khalayi, "huu wetu uacheni wazi, tafadhali."