Feni Yenye Taa za Buluu

Mwaka 1978, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa, nikaacha shule Kisoko nikaja kubeba mizigo mpakani Busia. Sasa nina ofisi ya kuchapa karatasi za forodha.

Jirani yangu wa kazi hiyohiyo, mtoto wa juzi, aliiwekea prosesa ya kompyuta yake feni mpya yenye taa za buluu. Madereva wa malori, wateja wangu, wakahamia kwake. Wivu ulinikaba. Kompyuta yangu ilikuwa inazimika kwa joto, basi nikamwambia fundi aniletee feni kubwa kuliko ile.

"Mzee, feni yako ni nzima. Imejaa vumbi la malori."

"Nimekuuliza vumbi?"

Alipoondoka niliibeba kompyuta mwenyewe kwa wajaza upepo wa matairi, wakaipuliza. Haijazimika tena.

Leo nina nyumba ya matofali, ng'ombe wanne, ofisi, na kompyuta yenye feni ileile. Taa za buluu sina.